Skuta za kukodi na teksi za mtandaoni: jiji lipige marufuku, lipunguze idadi, au liuze nafasi?

#1 Mwendapole

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikera siku nyingi, naliweka mezani tulipasue.

Tarehe 2 Aprili 2023 Paris iliita wakazi wake kupiga kura: skuta za umeme za kukodi zibaki au ziondoke? Asilimia 89 ya kura zikasema ziondoke. Kufikia Septemba 1 mwaka huohuo skuta zipatazo 15,000 za kampuni za Lime, Dott na Tier zilikuwa zimetoka barabarani. Wengi husimulia kisa hiki wakakomea hapo. Lakini waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata wanane katika kila mia ya waliojiandikisha.

Na Paris halikuwa jiji lililolala. Mwaka 2020 lilitangaza zabuni, likachagua kampuni tatu tu, kila moja skuta 5,000. Mwendo ulifungwa kwenye kilomita 20 kwa saa, na maeneo mengine 10. Maegesho yalichorwa. Yaani jiji lenye kanuni nyingi kuliko mengi ndilo lililoishia kufukuza. Kwa nini?

Dai langu ni hili: majiji yanahesabu vyombo badala ya kuhesabu nafasi. Yanajua skuta ni ngapi na teksi ni ngapi. Hayajui kila kimoja kinakalia mita ngapi za barabara, kwa dakika ngapi, na kinamzuia nani. Nipingeni.

#2 Kisiki

Nimeweka kambi hapa. Uzi huu utakwenda mbali.

#3 FundiBetri

Mleta mada, naunga mkono nusu. Nilifanya kazi ya kukusanya skuta usiku kwa kampuni moja, nitaiacha bila jina. Tulikuwa tunazichukua zikiwa zimekata chaji, tunazichaji nyumbani, alfajiri tunazirudisha. Malipo yalikuwa kwa skuta: ukirudisha kumi unalipwa kumi. Saa kumi alfajiri, umechoka, una skuta nane kwenye gari, unaziweka wapi? Unaziweka panapokuwa na nafasi, na mara nyingi panapokuwa na nafasi ni njia ya waenda kwa miguu. Hakuna aliyenilipa hata senti kwa kuzipanga vizuri. Baadaye zilipoanza kuja skuta za betri ya kuchomoa, wakaajiri watu wa mshahara, na mpangilio ukabadilika ndani ya wiki chache. Jiji halikuwa limebadili kanuni hata moja.

Kwa hiyo mimi sitazami idadi wala nafasi. Natazama mtu wa mwisho anayeigusa skuta analipwa kwa kufanya nini.

#4 BintiWakili

Nyongeza ndogo kwa #1: Paris iliondoa za kukodi tu. Mwenye skuta yake binafsi bado anaiendesha. Watu wengi huchanganya.

Chanzo cha ugomvi wote kwangu ni namna kampuni zilivyoingia mijini. Kampuni ya skuta ya Bird ilianzia Santa Monica, California, mwaka 2017, na Desemba mwaka huohuo jiji likawa limeshaipeleka mahakamani kwa kufanya biashara bila kibali. Ilimalizika kwa kampuni kulipa zaidi ya dola 300,000. Machi 2018 Bird, Lime na Spin zikamwaga skuta San Francisco bila kuomba ruhusa. Kufikia Juni jiji likaamuru zitolewe zote. Agosti likatoa vibali kwa kampuni mbili, Skip na Scoot, na zile tatu zilizotangulia kujimwaga zikakosa.

Mwenye nyumba akimkuta mgeni keshajilaza kitandani, mazungumzo ya kodi ya chumba hayawezi kwenda vizuri. Hasira ile ya mwanzo haijawahi kutoka kwenye kanuni za skuta mpaka leo. Ukizisoma unaisikia.

#5 Dereva_Alfajiri

Mnaongelea skuta tu, na sisi wa teksi za mtandaoni je? Maana jiji linalohangaika na skuta ndilo hilohilo linalotuhangaisha sisi.

London, Novemba 2019: mamlaka ya usafiri iliinyima Uber leseni kwa mara ya pili. Sababu kubwa ilikuwa madereva wasio na idhini kupachika picha zao kwenye akaunti za madereva wengine, na safari zisizopungua 14,000 zilifanyika hivyo. Abiria anaona jina la mtu mmoja, usukani ameshika mwingine. Hapo sina utetezi, jiji lilikuwa sahihi. Septemba 2020 mahakama ikairudishia leseni ya miezi 18.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Kampuni ninayoendeshea ilileta ukaguzi wa uso ili kuziba tundu la namna hiyo. Usiku mmoja taa ya ndani ya gari ilikuwa hafifu, programu ikakataa uso wangu, akaunti ikafungwa. Siku kumi na moja sikuingiza kitu. Nilikwenda ofisi ya leseni ya jiji, wakaniambia ongea na kampuni. Kampuni ikanijibu kwa ujumbe uleule mara sita, neno kwa neno. Gari lina mkopo, na mkopo haukufungwa siku kumi na moja.

Kanuni ilimlinda abiria, sawa. Mimi nililindwa na nani?

#6 Mwendapole

Pole sana kaka. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mwanasheria wetu, dereva wa namna hii ni mtu wa nani kisheria?

#7 BintiWakili

Inategemea umesimama wapi. Desemba 20, 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa huduma ya Uber ni usafiri, si huduma ya kompyuta tu. Hilo ndilo lililozipa nchi nguvu ya kuidhibiti kama usafiri. Kuhusu dereva mwenyewe, Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema madereva waliofungua kesi ni wafanyakazi wa daraja la kati: wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ila hawana haki zote za mwajiriwa kamili.

California ikaenda njia nyingine. Sheria ya jimbo iliyoanza 2020 ilielekea kuwafanya waajiriwa. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 22 linalosema ni watu huru wenye marupurupu fulani, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaliacha lisimame.

Kaka Dereva, hakuna hata moja kati ya hizo inayojibu swali lako la akaunti kufungwa. Hilo ni suala la haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa, na naona aibu kwamba sheria imelichelewesha hivi.

#8 Mzee_wa_Hesabu

Vijana, niruhusuni nilete hesabu.

New York, Agosti 2018, ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za magari ya kuitwa kwa simu. Kuanzia mwanzoni mwa 2019 ikaweka malipo ya chini ya dola 17.22 kwa saa baada ya kutoa gharama. Wengi wanaijua namba, wachache wanajua fomula ilivyo. Ndani yake waliweka kipimo cha muda ambao gari lina abiria. Kampuni ikijaza madereva wengi mno barabarani wakazunguka tupu, malipo kwa kila safari yanapanda. Waliotunga hivyo walifikiri sana, maana walitaka gharama ya gari tupu imrudie anayelialika barabarani.

Kampuni zikafanyaje? Zikaanza kuwafungia madereva programu saa ambazo wateja ni wachache, ili muda wa kukaa tupu usihesabike. Dereva akawa anakaa kwenye gari akisubiri kuruhusiwa kuingia kazini.

Na wanaodhani kupunguza idadi ni dawa, watazame leseni za teksi za manjano za jiji hilohilo. Kikomo chake kinatokana na sheria ya 1937. Kwa kuwa hazikuongezwa kwa kasi ya jiji lilivyokua, kila leseni ikageuka mali ya kuuzwa, na kufikia 2014 moja ilipita dola milioni moja. Madereva walikopa kuinunua. Bei ilipoporomoka, deni lilibaki palepale. Kikomo cha idadi kinampa utajiri aliyewahi, na anayekuja nyuma anakutana na mkopo.

#9 Dereva_Alfajiri

Mzee, wewe unalala na kikokotoo chini ya mto. Ila ya kufungiwa programu ni kweli tupu, wenzangu walio huko wanalia.

Hamjagusa kamisheni. Tanzania mwaka 2022 mdhibiti, LATRA, aliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kila safari. Uber ikasimamisha huduma Aprili. Mwanzoni mwa 2023 ikarudi baada ya ukomo kupandishwa hadi 25. Mimi dereva nasoma hapo mambo mawili kwa pamoja: mdhibiti anaweza, na kampuni nayo inaweza kuondoka ikamwachia dereva njaa. Sijui nimlaumu nani, wote wawili waliniambia wananitetea.

#10 Nzige

Mnazunguka. Pigeni marufuku, basi. Singapore ilizitoa skuta za umeme kwenye njia za waenda kwa miguu Novemba 2019. Melbourne ilifukuza za kukodi Agosti 2024, Madrid ikafuata Oktoba. Majiji hayo yamekufa?

#11 Kiatu_Kimoja

Nzige, kabla hujaondoka. Uzi huu siusomi kwa macho, simu inanisomea. Naona mwanga na giza tu.

Skuta iliyosimama wima fimbo yangu inaigundua. Iliyolala ni hatari nyingine kabisa, maana usukani unakuwa usawa wa goti na fimbo inapita chini yake. Mwaka uliopita niliangukia moja, mlangoni pa jengo ninalofanya kazi, mahali ninapopita kila siku kwa kuhesabu hatua. Mkono ukateguka. Mwenzangu alipiga picha akaripoti. Siku mbili baadaye kampuni ikajibu kwamba skuta imeondolewa, asante kwa kutujulisha.

Ungefikiri basi nitakuunga mkono. Sikuungi. Kwa sababu teksi za mtandaoni zimenipa kitu ambacho sikuwa nacho utu uzima wangu wote: kutoka nyumbani saa nne usiku bila kumwomba ndugu. Simu inanisomea namba ya gari, jina la dereva, njia tunayopita. Wapo madereva wanaoghairi wakiona fimbo, na hilo linaniuma kuliko mkono ulivyouma. Lakini nikikumbuka maisha yalivyokuwa kabla yake, siwezi kushangilia neno marufuku likitumika kwa urahisi hivi.

Ninachotaka ni njia yangu ya kupita ibaki njia. Skuta nayo iwe na mahali pake pengine.

#12 Mwendapole

Ahsante dada, umetufundisha. Kwa kumbukumbu ya wote: Sweden, tangu Septemba 1, 2022, hairuhusiwi kuegesha skuta ya umeme kwenye njia ya waenda kwa miguu wala ya baiskeli, ila pale palipotengwa. Nchi nzima. Kwa hiyo anachokiomba dada si ndoto.

#13 Nzige

Kiatu_Kimoja, pole kwa mkono. Neno langu la teksi nalifuta. La skuta linabaki.

#14 Mzee_wa_Hesabu

Nzige, hata la skuta lina gharama yake. Atlanta ilizuia skuta za kukodi kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, mwaka 2019, baada ya vifo. Watafiti wakalinganisha mwendo wa magari kabla na baada, utafiti ukatoka kwenye jarida la Nature Energy mwaka 2022. Muda wa safari za jioni uliongezeka kwa asilimia 9 hadi 11, maana sehemu ya waliokuwa wakipanda skuta walirudi kwenye magari.

Na tukizungumza vifo tuwe wakweli. Jukwaa la Kimataifa la Usafiri lilipozichambua ajali za baiskeli na skuta, takriban asilimia 80 ya vifo vilihusisha kugongwa na chombo kizito. Skuta inaudhi, gari linaua. Kanuni nyingi zimeandikwa dhidi ya kinachoudhi.

#15 FundiBetri

Mzee hapo umemaliza. Ila wapo wanaojiua wenyewe usiku wakiwa wamelewa, tuseme na hilo. Nilikuwa nazikuta asubuhi zina damu kwenye usukani. Oslo mwaka 2021 waliamua skuta zilale kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, na jumla isizidi 8,000. Mimi niliyekuwa nafanya kazi saa hizo siwezi kuwalaumu.

#16 Afisa_Vibali

Nimekuwa nasoma kimya. Nafanya kazi kwenye idara ya vibali ya halmashauri moja, kwa hiyo jina langu na la jiji mtanisamehe.

Mwendapole, unasema tuhesabu nafasi. Tungependa. Idara yetu ina watu wawili. Tunasimamia skuta, baiskeli za kukodi, teksi, na mabango. Kibali cha kampuni ni cha mwaka mmoja. Ukimpa mtu kibali cha mwaka mmoja hawekezi kwenye maegesho, kwa sababu hajui kama mwakani atakuwepo. Ukimpa cha miaka mitano na akakuharibia, umekwama naye. Ada wanazolipa zinaingia kwenye mfuko mkuu wa jiji. Sisi tunaomba rangi ya kuchorea maegesho kwa barua, na barua ya mwisho imemaliza miezi saba.

Halafu takwimu. Tunategemea kampuni itupe. Mnakumbuka Machi 2017 ilipofichuka kwamba Uber ilikuwa na programu iitwayo Greyball, ikiwaonyesha wakaguzi wa miji kama Portland magari ambayo hayapo ili wasiyakamate? Baada ya hapo nani atuambie tuamini jedwali tunaloletewa? Los Angeles ikaamua kutengeneza mfumo wake mwaka 2018, kila skuta ijitangaze mahali ilipo. Miji mingi imeuiga. Na hapo ukazuka ugomvi mwingine, wa faragha.

#17 BintiWakili

Ugomvi halali kabisa, Afisa. Ukijua skuta iliyotoka kwenye zahanati fulani saa tatu asubuhi ikaishia nyumba fulani, huhitaji jina la mtu. Los Angeles ilipelekwa mahakamani kwa mfumo huo mwaka 2020 na kesi ikatupwa, lakini kutupwa kwa kesi hakujaondoa hofu yangu. Ningetaka jiji lipewe idadi kwa kila mtaa kwa kila saa, basi.

#18 Afisa_Vibali

Idadi kwa mtaa haiwezi kuniambia nani aliiangusha mlangoni kwa Kiatu_Kimoja.

#19 FundiBetri

Wala GPS haiwezi. Katikati ya majengo marefu inakosea mita kadhaa. Mita tatu ndizo tofauti kati ya barabara na njia ya miguu. Nimeshatumwa kuchukua skuta ambayo ramani inasema iko ndani ya benki.

#20 Tumbili_wa_Ramani

Mgeni hapa. Mwendapole, kitu unachokitafuta São Paulo ilikijaribu upande wa teksi. Mwaka 2016 jiji halikuweka idadi ya magari. Liliamua kampuni zinunue kilomita: kila kilomita ambayo gari linatembea na abiria inalipiwa, na bei inaweza kupanda au kushuka kwa saa na eneo. Barabara ikachukuliwa kuwa mali ya jiji inayotumiwa kibiashara. Mexico City mwaka mmoja kabla ilichagua rahisi zaidi, asilimia 1.5 ya kila safari iende kwenye mfuko wa usafiri.

#21 Mwendapole

Hii ya kununua kilomita ndiyo niliyokuwa naitafuta bila kujua jina lake! Ila naona kasoro: gari linalozunguka tupu linakula barabara vilevile, na halilipi.

#22 Mzee_wa_Hesabu

Na ndilo linaloziba. San Francisco, kati ya 2010 na 2016, saa zinazopotea kwenye foleni siku za kazi ziliongezeka kwa asilimia 62. Watafiti walikadiria kwamba bila teksi za mtandaoni zingeongezeka kwa 22. Zile tupu zimo humo.

#23 BintiWakili

Mnasahau kwamba jiji lina bosi. Austin, Mei 2016, wapiga kura walishikilia kanuni ya madereva kuchukuliwa alama za vidole. Uber na mshindani wake Lyft zikafunga virago. Mwaka uliofuata jimbo la Texas likapitisha sheria iliyofuta kanuni ya jiji, wakarudi. Barcelona nayo ilijaribu kuweka leseni moja ya gari la kukodi kwa kila leseni 30 za teksi. Juni 2023 mahakama ya Ulaya ikasema kulinda kipato cha teksi si sababu inayotosha. Mnaweza kupanga mita zenu vizuri sana, kisha karatasi moja kutoka juu ikazifuta.

#24 Dereva_Alfajiri

Kwa hiyo jiji haliwezi, jimbo halitaki, mahakama inachelewa, kampuni haipokei simu. Na mimi akaunti yangu ilifunguka yenyewe siku ya kumi na mbili bila maelezo.

#25 Kisiki

Wakuu, nimetoka kambini. Baada ya kusoma #1 na #11 nilichukua futi kamba, nikaenda mtaa wa nyuma ya ninapofanya kazi, nikapima. Skuta nne za kukodi zimeegeshwa bega kwa bega, zimekalia mita mbili na ushee. Pembeni yake gari moja, nusu liko juu ya njia ya miguu, mita nne na nusu, na jirani ananiambia lipo hapo tangu Jumatatu. Skuta mbili kati ya nne zimebandikwa karatasi ya onyo ya jiji. Gari halina kitu.

#26 Kiatu_Kimoja

Kisiki, ahsante kwa kwenda. Kati ya gari na ukuta imebaki kiasi gani?

#27 Kisiki

Sentimita sitini na nane. Nimepima mara mbili.

#28 Kiatu_Kimoja

Mimi hapo napita ubavuubavu. Rafiki yangu wa kiti cha magurudumu hapiti.

#29 Afisa_Vibali

Kisiki, nitumie picha za futi kamba, yenye gari na yenye skuta, na saa ulizopima. Naandika barua ya pili ya rangi, nataka kuziambatanisha.